Kwa Nini Mkimbiaji Huumia Pale Anapojisikia Vizuri Zaidi

Watu wengi wanaoanza kukimbia wakiwa watu wazima hupita njia inayofanana. Wiki za mwanzo pumzi hukatika baada ya mita mia chache, mapaja huwaka moto, na mkimbiaji hujiuliza kama mwili wake uliumbwa kwa ajili ya jambo hili. Kisha, baada ya mwezi mmoja au miwili, pumzi hufunguka. Kilometa tano alizokuwa akizimaliza kwa kujikongoja sasa anazimaliza akiwa bado na hamu ya kuendelea, na majirani wanamwambia amepungua. Ni katika kipindi hicho cha furaha ndipo ugoko unapoanza kuuma, au kano ya kisigino inakakamaa kila asubuhi anapotoka kitandani, au goti linasumbua wakati wa kushuka ngazi. Wengi hulaumu viatu, lami au uzito wao. Sababu kubwa iko kwingine: sehemu za mwili hazizoei mbio kwa kasi moja, na ile inayozoea haraka kuliko zote ndiyo pekee ambayo mkimbiaji huisikia.

Damu na moyo hutangulia. Siku chache tu baada ya mtu kuanza mazoezi ya mara kwa mara, majimaji ya damu huongezeka, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na idadi ya mapigo hupungua kwa mwendo ule ule wa jana. Katika wiki zinazofuata misuli hujiongezea mishipa midogo ya damu pamoja na mitokondria, yaani zile sehemu ndogo ndani ya seli zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu. Kwa kuwa misuli ina damu tele, hujirekebisha upesi. Mkimbiaji hupimia maendeleo yake hapo hapo: hahemi sana, saa inaonyesha muda mzuri, na moyo haudundi kifuani kama zamani.

Kano ziko nyuma kabisa. Kano ni ule utepe mgumu unaofunga msuli kwenye mfupa, na damu inayoufikia ni kidogo. Baada ya zoezi zito, kolajeni, ambayo ndiyo protini inayoipa kano nguvu, hubomolewa haraka kuliko inavyojengwa kwa muda wa siku moja hadi siku moja na nusu, ndipo ujenzi unaposhinda na kuendelea hadi kufikia saa 72 hivi. Anayerudia zoezi zito kila siku huikuta kano ikiwa bado upande wa hasara. Watafiti wa Denmark walionyesha mwaka 2013 jambo la kustaajabisha zaidi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalieneza kaboni-14 nyingi angani, nayo ikaingia katika mimea, vyakula na miili ya watu, kisha kiwango chake kikawa kinashuka mwaka hadi mwaka kwa mpangilio unaojulikana. Kwa kupima kaboni hiyo katika kano za visigino vya watu waliozaliwa miaka mbalimbali, watafiti hao waliona kwamba kiini cha kano hujengwa katika miaka 17 ya mwanzo ya maisha, na baada ya hapo karibu hakibadilishwi tena. Kwa maneno mengine, mtu wa miaka 45 anayeanza mbio leo anakimbia kwa kano aliyoijenga alipokuwa mtoto na kijana. Anaweza kuizoesha na kuifanya ihimili zaidi, ila hana namna ya kupata nyingine.

Mfupa nao una utaratibu wake. Daktari mpasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga upya kulingana na mzigo unaobebeshwa, na msingi wa hoja yake unakubalika hadi leo. Kinachosahauliwa ni mpangilio wa kazi yenyewe. Kama fundi anayekarabati nyumba, mwili hubomoa ukuta uliochoka kabla ya kuinua mpya: seli za ubomoaji hutangulia kuchimba sehemu iliyochoka, kisha seli za ujenzi hujaza pengo, na mzunguko mzima huchukua miezi mitatu hadi minne. Hivyo kuna wiki kadhaa ambazo mfupa wa muundi wa mkimbiaji mpya ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hajaanza kukimbia, na wiki hizo huangukia pale pale pumzi inapofunguka. Mzigo ukiongezwa wakati huo, nyufa ndogo hushinda ukarabati, na maumivu yaliyokuwa yameenea kando ya ugoko hujikusanya mahali pamoja panapoweza kuguswa kwa ncha ya kidole. Dalili hiyo ya mwisho isichukuliwe kwa mzaha. Ni ya kwenda hospitali, kwa maana mfupa wenye ufa wa namna hiyo unaweza kuvunjika kabisa.

Ukubwa wa mzigo wenyewe huwashangaza wengi. Mkimbiaji wa mwendo wa kawaida hupiga takriban hatua 1,000 kwa kilometa. Kila hatua humrudishia kutoka ardhini nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na kano ya kisigino, kwa jinsi ilivyofungwa karibu na kifundo cha mguu, huvutwa kwa nguvu inayofikia mara sita au zaidi ya uzito huo. Mtu wa kilo 75 anayekimbia kilometa tano ameuvuta kila mguu mara 2,500 kwa nguvu ya kilo mia nne na zaidi. Mwili unaweza kuhimili hayo bila shida yoyote, mradi umepewa muda wa kuzoea. Wasioweza ni wale waliokimbia kilometa tano kwa wiki tatu, wakavutwa na tangazo la nusu marathoni na fulana yake nzuri, wakaamua kwamba Jumapili ijayo watajaribu kumi na mbili.

Hapa ndipo ilipozaliwa kanuni ambayo kila mkimbiaji ameisikia: usiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Inasikika kama sheria ya maabara, lakini ilipopimwa haikung'ara. Mwaka 2008 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya jaribio la wakimbiaji wapya 532 waliojiandaa kwa mbio za maili nne, yaani takriban kilometa 6.4. Kundi moja lilifuata ratiba ya wiki 13 iliyopanda taratibu kwa kuzingatia kanuni hiyo, jingine likafuata ratiba ya kawaida ya wiki 8. Walioumia walikuwa asilimia 20.8 katika kundi la kwanza na asilimia 20.3 katika la pili. Tofauti haikuwapo.

Je, ina maana kwamba kuongeza mzigo ghafla hakudhuru? Utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark, uliochapishwa mwaka 2025, ulisaidia kufungua fundo hilo. Wakimbiaji zaidi ya 5,200 walifuatiliwa kwa miezi 18 kupitia saa zao za mkononi. Ilipolinganishwa jumla ya wiki hii na za wiki zilizotangulia, hatari ya kuumia haikuonekana kupanda. Ilipochukuliwa safari moja moja, picha ilibadilika: aliyekimbia siku moja umbali unaozidi kwa asilimia 10 hadi 30 umbali mrefu kuliko wote aliokimbia ndani ya siku 30 zilizopita, hatari yake iliongezeka kwa asilimia 64, na aliyeuzidisha zaidi ya mara mbili, hatari iliongezeka kwa asilimia 128. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi chanzo kwa uhakika wa jaribio, lakini unakubaliana na yale tunayoyajua kuhusu kano na mifupa. Kano haijui Jumatatu wala Jumapili. Inachopokea ni hatua elfu kumi na mbili kwa mfululizo, wakati ambapo katika mwezi mzima haijawahi kupewa zaidi ya elfu sita. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, anayetaka kanuni moja ya kubandika ukutani aandike hii: angalia safari yako ndefu kuliko zote za siku 30 zilizopita, na usiivuke kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Ukishaelewa hayo, kazi ya kocha wa watu wa kawaida huonekana kwa sura nyingine. Watu humfikiria kocha kuwa mtu mwenye filimbi anayewahimiza wavivu. Kwa mkimbiaji wa umri wa makamo, kocha mwenye manufaa ni yule anayemshika shati katika mwezi wa pili, pale mwenyewe anapohisi anaweza kupaa.

Aliyelifahamu jambo hili mapema kuliko wengi alikuwa kocha Arthur Lydiard wa Auckland, New Zealand, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufanya kazi katika kiwanda cha viatu. Lydiard alicheza raga na kujiona yuko imara, hadi rafiki yake mwenye umri mkubwa alipomwalika wakimbie maili tano na kumwacha akihema vibaya. Akaanza kuujaribia mwili wake mwenyewe kwa miaka kadhaa, wiki nyingine akikimbia sana, wiki nyingine kidogo, akiandika kilichofaa na kilichomwumiza, hadi akawa bingwa wa marathoni wa nchi yake mwaka 1953 na 1955. Tarehe 2 Septemba 1960, katika Olimpiki ya Roma, vijana wake wawili walitwaa dhahabu katika muda usiozidi saa moja: Peter Snell katika mita 800 na Murray Halberg katika mita 5,000. Siku chache baadaye mwingine, Barry Magee, alipata shaba katika marathoni. Siri iliyowashangaza makocha wa nchi nyingine ni kwamba hata Snell, mtu wa mizunguko miwili tu ya uwanja, alijengwa kwa kilometa 160 kwa wiki, zikiwemo kilometa 35 za kila Jumapili katika vilima vya Waitakere, nyingi kwa mwendo usiomkatisha mtu pumzi. Kasi ilikuja mwisho, baada ya msingi.

Medali hizo ndizo zinazokumbukwa, lakini urithi wake mkubwa zaidi uko kwa watu wasiokuwa na medali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lydiard aliwashawishi watu wazima wa Auckland, wakiwemo waliokwisha kupatwa na shambulio la moyo katika zama ambazo madaktari wengi waliwaamuru wagonjwa wa namna hiyo walale, wakimbie polepole mno pamoja, na mwaka 1962 ikaundwa klabu yao. Mwishoni mwa mwaka huo huo Bill Bowerman, kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon na baadaye mmoja wa waanzilishi wa Nike, aliitembelea New Zealand na kualikwa kukimbia nao. Alikuwa na miaka 51 na akijidhania mzima. Mzee aliyevuka miaka 70, ambaye moyo wake ulikuwa umeshamwangusha zaidi ya mara moja, ndiye aliyebaki nyuma kumsindikiza. Bowerman alirudi Eugene, mji wa chuo chake huko Oregon, akaanzisha madarasa ya wananchi mapema mwaka 1963, akashirikiana na daktari wa moyo, na mbio za polepole zikaenea Marekani kutoka hapo.

Polepole kiasi gani? Kipimo cha Lydiard kilikuwa uwezo wa kuzungumza, na hadi leo hakijapatikana cha bei nafuu zaidi. Mwulize mkimbiaji jana alikula nini. Akijibu kwamba ulikuwa wali kwa samaki, lakini samaki mwenyewe alizidi chumvi, mwendo ni sahihi. Akijibu "wali" kisha akavuta pumzi, anakwenda mbio mno. Sisi tunacho kipimo kama hicho tangu shuleni: katika mchakamchaka kiongozi huimbisha na kundi huitikia, na wimbo ukianza kufifia kwa walio nyuma, kiongozi mwenye busara hupunguza mwendo bila kuangalia saa yoyote. Ukipita Iten, huko Kenya, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, utawakuta mabingwa wakianza mbio zao nyepesi kwa mwendo ambao mgeni wa kawaida anaweza kuufuata kwa muda. Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya utafiti Norway, ameonyesha kwamba wanamichezo wakubwa wa mbio na michezo mingine ya ustahimilivu hufanya takriban asilimia 80 ya mazoezi yao kwa wepesi huo, na sehemu ndogo tu kwa ukali. Wakimbiaji wa mitaani hufanya kinyume: kila safari ni ya wastani wa kuchosha, nzito mno kwa kano kupona na nyepesi mno kuleta kasi.

Kuhusu viatu sitakawia, ingawa ndiko fedha nyingi zinakoishia. Jeshi la Marekani lilijaribu kuwapa askari wapya viatu kulingana na umbo la unyayo, na majeruhi hawakupungua ukilinganisha na waliopewa aina moja tu. Utafiti wa Luxembourg wa wakimbiaji 264 uliona kwamba wanaobadilishana jozi mbili au zaidi walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 39, pengine kwa sababu kila kiatu hupeleka mzigo mahali tofauti kidogo. Kuhusu kutua kwa kisigino au kwa mbele ya unyayo, utafiti wa mwaka 2010 ulieleza kwamba vijana wa Bonde la Ufa waliokua bila viatu hutua kwa mbele. Mwaka 2013 wengine wakawapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, nao pekupeku, na kukuta kwamba kwa mwendo wa kawaida wengi wao hutua kwa kisigino. Badiliko moja la staili lenye faida inayopimika ni kufupisha hatua: kuongeza idadi ya hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10, kwa kasi ile ile, hupunguza mzigo wa goti.

Kinachostahili muda zaidi ni mazoezi ya nguvu. Mapitio ya majaribio 25 yenye washiriki zaidi ya 26,000, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalikuta kwamba mazoezi ya nguvu hupunguza majeraha ya michezo hadi chini ya theluthi moja, wakati kunyoosha viungo hakukuonyesha kinga yoyote. Mfano bora kwa mkimbiaji hauhitaji ukumbi wala mashine. Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa Umeå, Sweden, alisumbuliwa na kano yake mwenyewe ya kisigino, akamwomba mkuu wake amfanyie upasuaji, akakataliwa. Akaamua kuizidishia mzigo hadi iharibike vya kutosha kustahili kisu, ikapona. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wagonjwa 15 waliofuata njia hiyo kwa wiki 12, na wote walirudi kukimbia. Namna yake ni hii: simama kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, jiinue kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha ushushe kisigino polepole hadi kipite chini ya ngazi. Rudia mara 15, seti tatu, kwanza goti likiwa limenyooka, halafu likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni. Ni kazi ya kuchosha akili, na pengine ndiyo sababu wengi huishia siku ya nne.

Zoezi hilo linafundisha pia kusoma maumivu. Kano inayosumbua huweza kuuma kidogo wakati wa kazi bila madhara, mradi maumivu yasizidi ya wastani na kesho asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Mfupa hauna ruhusa hiyo. Maumivu ya kano mara nyingi hupungua mwili ukipata joto. Ya mfupa huongezeka kila kilometa, na yakikomaa huamsha mtu usiku. Kwa wanawake na wasichana kuna ishara nyingine ambayo kocha lazima awe na ujasiri wa kuizungumzia kwa heshima: hedhi inayokoma kwa sababu ya mazoezi mengi na chakula kidogo. Hiyo ni taarifa kwamba mwili umekosa nishati na umeacha kuilinda mifupa. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa tamko kuhusu upungufu huo wa nishati mwaka 2014, ikieleza kwamba wanaume nao huupata.

Hofu kwamba mbio humaliza magoti haijapata ushahidi kwa wanaokimbia kwa kiasi. Mapitio ya mwaka 2017 yalikuta baridi yabisi ya kuchakaa kwa gegedu la goti au nyonga kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujifurahisha, dhidi ya asilimia 10.2 ya wasiokimbia na 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kuanzia mwaka 1984, waliwafuatilia wanachama wa klabu ya wakimbiaji wenye miaka 50 na zaidi pamoja na wenzao wasiokimbia. Baada ya miaka 19 walikuwa wamefariki asilimia 15 ya wakimbiaji na asilimia 34 ya wengine. Bila shaka anayechagua kukimbia huwa na afya njema tangu mwanzo, na watafiti walijitahidi kulirekebisha hilo katika hesabu zao, lakini pengo lilibaki.

Ed Whitlock, mhandisi mstaafu wa Milton, Ontario, alikuwa wa kwanza kuvuka miaka 70 na kukimbia marathoni chini ya saa tatu. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alitumia 2:54:48. Mazoezi yake yalikuwa kuzunguka makaburi yaliyo karibu na nyumbani kwake, hadi saa tatu kwa siku, kwa hatua fupi za kuburuza ambazo mtazamaji asingezihusisha na bingwa. Naye aliumia, tena mara kadhaa, na akawa anakaa nje miezi mingi kabla ya kurudi.

Kurudi ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu kichwa hukumbuka kiwango cha zamani. Aliyelazwa na malaria, aliyepunguza mbio mwezi wa Ramadhani au aliyebanwa na safari za kikazi huwa bado ana sehemu kubwa ya pumzi yake baada ya wiki nne, huku ule umbali mrefu wa siku 30 zilizopita ukiwa umeshuka hadi kilometa tatu, au hadi sifuri. Daktari akishamruhusu, na aanze na dakika ishirini za kutembea zinazochanganywa na kukimbia dakika moja moja, siku moja aende na siku moja apumzike, na aiache rekodi yake ya mwaka jana kabatini hadi miezi mitatu ipite.